Mwezi Umeandama

Haya yalimpata rafiki yangu, msahihishaji ninayefanya naye kazi kwenye kiwanda cha uchapaji. Alinisimulia huku akitazama viatu vyake, na mpaka leo hataki mkewe ajue, maana yeye ni mzee wa kanisa.

Jioni ile alikuwa akisahihisha kitabu kuhusu mwezi katika Maandiko. Sura moja ilieleza kwamba watu wa kale waliuabudu kwa kuubusia mkono, na kwamba Maandiko yanalihesabu jambo hilo kuwa dhambi. Akacheka. Dirishani mwezi mchanga ulikuwa umeonekana, mwembamba kama ukucha. Akabusu mkono wake, akaupungia.

"Shikamoo, mama!"

"Mwenzangu, usitanie hivyo," mpiga chapa akamwambia kutoka mlangoni, mkoba begani, kisha akaenda zake.

"Nilianza kwa mzaha," rafiki yangu aliniambia kwa sauti ndogo. "Halafu nikarudia, nikiwa peke yangu. Mara hiyo haikuwa mzaha."

Papo hapo umeme ukakatika. Gizani akasikia kalamu ikikwaruza karatasi mezani, kwaru, kwaru, kisha kimya. Akapapasa mfuko wa shati. Kalamu yake nyekundu ilikuwa mle mle, na kifuniko chake.

Taa ziliporudi akaitazama karatasi. Pale palipoandikwa "mwezi umeandama", katikati ya neno zilikuwa zimechomekwa herufi mbili kwa wino mwekundu ambao haujakauka, kwa mwandiko wake mwenyewe. Sasa palisomeka: "mwezi umeniandama."