Macho ya Tavion

Asubuhi na mapema, kabla ya vipindi, Tavion Broussard aliingia uwanjani na jezi yake nyekundu. Pale chuoni walicheza mpira wa Kimarekani, na jezi hiyo waliivaa warushaji tu, wale wanaowarushia wapokeaji mpira, ili mazoezini mtu asije akawaangusha. Kijana alijivunia mkono wake, na haki alikuwa nayo, maana mpira wake ulikwenda kasi kuliko wa wote. Jumamosi, baada ya mechi ya majaribio ya wao kwa wao, kocha mpya wa mashambulizi, Hollis Guidry, angemchagua mrushaji wa kuongoza timu: Tavion au mwenzake Brandt.

Siku hiyo Guidry alikwenda kusimama upande wa mabeki, mikono mfukoni.

"Kushoto," alisema kabla Tavion hajarusha. Mpira ukaenda kushoto. "Kushoto tena." Ukaenda kulekule.

"Kaka, mzee anakusoma kama gazeti," alicheka Jarrod, mpokeaji wa kushoto.

Guidry akasogea. "Mchoro wa shambulio hili una wapokeaji watatu. Mbona unamkodolea macho Jarrod peke yake?"

Tavion alitaka kulisingizia jua. Ukweli ni kwamba vikaoni, kila mchoro ulipoelezwa, alikuwa akiitikia kwa kichwa tu kana kwamba ameelewa. Akiusema, nafasi ataichukua Brandt. Akinyamaza, Jumamosi mabeki watamsoma vilevile.

"Kocha, mpokeaji wa pili na wa tatu sijui watakuwa wapi. Huwa naitikia tu."

"Vizuri. Sasa naweza kukufundisha. Mchana tukutane bwaloni."

Mezani, kando ya sahani za maharage mekundu na wali, Guidry alipanga chupa ya pilipili, kikopo cha chumvi na kipande cha mkate wa mahindi.

"Pilipili ndiye Jarrod, na amebanwa na mabeki. Unampa nani?"

"Chumvi."

"Naye kabanwa."

"Mkate!"

"Basi wahi, kabla sijamla."

Brandt, aliyekuwa meza ya pili, alivuta kiti taratibu. "Hata mimi huyo mkate huwa nambahatisha," alikiri. Wiki nzima vijana hao wawili waliulizana michoro kila walipokula, wakasahau kuoneana kijicho.

Jumamosi matarumbeta yalilia na jukwaa likajaa. Mpaka dakika ya mwisho pande zote mbili zilikuwa sare, na mpira ulikuwa kwa Tavion. Alimtazama Jarrod kushoto, akamtazama sana. Mabeki wakamiminika huko kama mbuzi walioona shamba la mahindi. Ghafla aligeuka kulia, akarusha. Mpokeaji wa tatu aliudaka akiwa peke yake, akakimbia mpaka akavuka mstari wa mwisho, likawa bao la ushindi. Uwanja ulilipuka kwa shangwe, na Tavion alicheka huku machozi yakimtoka.

Guidry alimshika bega. "Utaongoza wewe, mwanangu. Brandt, nawe kaa tayari."

"Niko tayari, Kocha," alisema Brandt. "Na wewe Tavion, hiyo nyekundu uivue. Mabeki wa vyuo vingine hawatakuonea huruma."

Walipokwisha kucheka, Guidry aliwatazama wote wawili. "Mficha maradhi kifo humfichua. Mkono mzuri, Tavion, ulikuja nao. Mimi nilikuwa nangoja siku utakayosema hujui."