Simu ya Mama Dongsu Ilipopotea Mpakani

Siku ya Saemgol, kijiji cha mpakani Korea Kusini, huanza getini. Kabla mtu hajashika jembe, lazima apite mbele ya wanajeshi, kwa sababu mashamba yote mazuri yako ng'ambo ya geti, kwenye ukanda wa mpaka. Baada ya mashamba kuna seng'enge. Baada ya seng'enge ni Kaskazini. Kando ya njia vimetundikwa vibao vyekundu vya pembetatu: nyuma yake kuna mabomu yaliyotegwa ardhini wakati wa vita, na hakuna anayejua yote yalipo.

"Mama Dongsu, panda basi, tutakuwa wa mwisho," Eunmi aliita kutoka kwenye trekta.

Mama Dongsu alipanda nyuma, akakalia gunia. Jina lake hasa ni Bang Malja, lakini tangu amzae Dongsu hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa serikali. Eunmi alikuwa mke wa jirani, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mwepesi wa mikono.

Walipofika getini Eunmi alitoa simu mbili kikapuni. Aliigusisha ya kwanza kwenye mashine. Ti. Akagusisha ya pili. Ti. Askari kijana akapunga mkono, trekta ikapita.

"Umenilipia nauli?" Mama Dongsu alimtania.

"Nimelipa. Utanirudishia kwa kabichi yako ya kimchi."

Ndivyo walivyokwenda tangu masika. Zamani mkulima alimwachia askari kitambulisho chake asubuhi na kukichukua jioni. Kisha sheria mpya ikapita Bungeni. Ilisema ulinzi wa mpaka utumie kamera na mashine, kwa kuwa vijana wa kusimama zamu wamepungua. Kila mkulima apite kwa simu yake mwenyewe. Akiingia, mashine inaandika. Akitoka, inaandika.

Wanajeshi walikuja ukumbini kueleza. Walionyesha picha ukutani, wakasema haraka haraka, wakauliza, "Mmeelewa?"

"Tumeelewa," wazee wakaitikia. Sauti ya Mama Dongsu ilizidi zote.

Hakuwa ameelewa kitu. Maneno yalikuwa kwenye kioo cha simu, na yeye hakujua kusoma. Alikuwa mtoto wa kwanza. Wadogo zake wa kiume walikwenda shule, yeye akabaki na mtoto mgongoni. Alipoolewa, mume alimsomea kila kitu, na mume alipofariki, Mama Dongsu alianza kusahau miwani. Benki alisahau miwani. Hospitali alisahau miwani. Hata Dongsu, aliyekuwa akifanya kazi Seoul, aliamini kwamba tatizo la mama yake ni macho.

Siku ile ukumbini aliishika simu juu chini. Mzee Chun, aliyeketi nyuma yake, aliona.

"Mama Dongsu, hiyo ni simu," alisema kwa sauti. "Ukitaka kujitazama, kuna kioo chooni."

Watu waliangua kicheko. Mama Dongsu naye alicheka, huku masikio yakimwaka moto. Walipotoka tu aliitumbukiza simu kwenye kikapu cha Eunmi. "Nibebee, mwanangu. Macho yangu haya." Simu haikutoka tena humo, ila usiku Eunmi alipoichaji pamoja na yake.

Vuli iliingia, pilipili zikaiva. Shamba lote likawa jekundu, na wingu la mvua lilikuwa limeanza kujikusanya milimani. Katikati ya mavuno hayo mjukuu wa Mama Dongsu alikuwa anatimiza mwaka, na bibi haendi kwenye sherehe kama hiyo na nywele zimesimama kama ufagio.

"Leo siendi shamba," alimwambia Eunmi juu ya ukuta. "Naenda mjini kutengeneza nywele."

"Zikazwe vizuri, zifike mwaka mpya," Eunmi akajibu.

Akaondoka na trekta. Foleni ya getini ilikuwa ndefu, mawazo yake yalikuwa kwenye mvua, na mkono ulishazoea. Ti. Ti. Aliingia peke yake, lakini mashine iliandika watu wawili.

Jioni, alipokuwa akitoka, alikumbuka kwamba Mama Dongsu hakuwa naye siku hiyo. Akagusisha simu moja tu, bila kukumbuka kwamba asubuhi aligusisha mbili. Akaenda nyumbani, akaweka kikapu ghalani, akaanza kuanika pilipili.

Mjini, Mama Dongsu alikuwa amekaa saluni, kichwa kizima kimejaa rola, dawa imepakwa, kofia ya nailoni imefunika vyote. Mwenye saluni, mwanamke mnene aliyezaliwa Saemgol, alikuwa akisoma ujumbe kwenye simu yake. Uso ulimbadilika.

"Mama Dongsu," alisema polepole, "wanasema umepotea."

"Nani kapotea?"

"Wewe. Geti limefungwa na hujatoka. Wamepiga simu yako, haipokelewi. Wanajeshi wameingia kukutafuta na mbwa. Dongsu yuko njiani kutoka Seoul."

Mama Dongsu alijitazama kwenye kioo. Kioo kilimwonyesha bibi mwenye kofia ya nailoni. Kwanza alitaka kusema simu imeibwa. Neno hilo alikuwa nalo mdomoni, kisha akauona mwisho wake: kama simu imeibwa, basi kuna mgeni ndani ya ukanda wa mpaka anayetembea na jina lake.

"Nipeleke," alisema.

"Na hizi rola? Dawa itakuunguza."

"Nipeleke hivi hivi."

Kigiza kilikuwa kimeanza walipofika. Magari ya jeshi yalijaa njiani. Taa kubwa zilimulika mashamba, na kipaza sauti kililiita jina ambalo hakuzoea kulisikia: Bang Malja, Bang Malja, kama unasikia, kaa hapo ulipo, usitembee. Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika getini. Mama Gilja, shoga yake, alikuwa akilia.

Mama Dongsu alishuka garini na vazi la saluni shingoni. Watu walimpisha. Alitembea mpaka mbele ya afande na kusema, "Ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka.

Kipaza sauti kilinyamaza. Wanajeshi walianza kutoka mashambani mmoja mmoja, buti zimejaa matope, wakimtazama na kupita. Wa mwisho walikuwa wawili wakimkokota wa tatu. Alikuwa kijana mdogo, uso mweupe kwa maumivu. Alikuwa ameteleza kwenye mfereji karibu na vibao vyekundu, akavunjika kifundo cha mguu.

"Simu yako iliingiaje ndani bila wewe?" afande aliuliza.

Mama Dongsu alifungua mdomo. Eunmi, ambaye habari zilikuwa ndiyo kwanza zimemfikia kwenye pilipili zake akaja mbio, alimtangulia.

"Kosa ni langu, afande. Niliichukua kimakosa. Ilikuwa kikapuni kwangu."

"Mara moja tu?"

"Mara moja tu."

Afande alimgeukia Mama Dongsu. "Ni kweli, bibi?"

Dongsu alikuwa amefika. Alikuwa amesimama pale na suti yake ya kazini, anapumua kama mtu aliyekimbia kutoka Seoul kwa miguu. Mzee Chun alikuwepo. Mama Gilja alikuwepo. Mama Dongsu akatikisa kichwa kukubali. Neno halikutoka, lakini kichwa kilitosha kumuuza mwenzake.

Eunmi alizuiwa kupita getini hadi uchunguzi uishe. Na geti lilifungwa kwa kijiji chote mpaka jeshi lijue mashine ilidanganywaje.

Mvua ikaja. Pilipili zilianza kuoza zikiwa mtini, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda kuzichuma. Nywele za Mama Dongsu, ambazo dawa ilikaa kwa muda mrefu mno, zilikatika upande mmoja kama nyasi kavu. Alikwenda kwenye sherehe ya mjukuu amejifunga kitambaa. Dongsu hakumuuliza kitu, na hilo lilimuumiza zaidi.

Aliporudi alimsikia mama mkwe wa Eunmi ng'ambo ya ukuta.

"Mikono yako miepesi, na akili je? Umetufukarisha. Nitamtazamaje mtu kijijini?"

Kilisikika kijiko tu, kikikwangua sufuria.

Mama Dongsu alikaa na kitunguu saumu mkononi bila kukimenya. Eunmi angeweza kusema maneno machache na kuokoka. Hakuyasema. Na yeye, mtu mzima, alikuwa amejificha nyuma ya mgongo wa mtu aliyemfanyia wema. Akasimama, akajifunga kitambaa, akaenda kambini kwa miguu.

Kambini kulikuwa na milango mingi, na kila mlango una kibao. Alichagua mmoja, akaingia. Mvuke wa supu ulimpiga usoni. Mpishi wa jeshi aligeuka na upawa mkononi.

"Bibi, hapa ni jikoni. Hukuona kibao?"

"Nimekiona," Mama Dongsu alisema. Akatafuta mdomoni ile hadithi ya miwani, kama kawaida. Safari hii hakuitoa. "Nimekiona, sijakisoma. Sijui kusoma."

Ndivyo neno lilivyotoka, baada ya maisha mazima, mbele ya sufuria ya supu ya kabichi. Mpishi aliweka upawa chini. Alimvutia kiti na kwenda kumwita Sajini Noh, mwanamke aliyeshughulikia mambo ya wakulima.

Mama Dongsu alimweleza yote. Eunmi alibeba simu tangu masika. Alibeba kwa sababu aliombwa. Aliongopa ili kumsitiri.

"Nifunge mimi, afande. Yule mwache akachume pilipili."

"Sifungi mtu," Sajini Noh alisema, akavuta kiti karibu. "Ngoja nikueleze jambo. Mashine ile haikujui wewe, inajua simu. Simu ikiingia, sisi tunaamini Mama Dongsu ameingia. Isipotoka, tunaamini amekanyaga bomu au ameumia mferejini. Lazima tumfuate, hata gizani, hata karibu na vibao vyekundu. Yule kijana aliyevunjika alikuwa anamtafuta mtu aliyekuwa saluni."

"Najua. Namwona nikifumba macho."

"Ndiyo maana hakuna kubebeana simu. Hata mume na mke. Na mtu akibaki nyumbani, simu yake ibaki nyumbani."

"Na asiyejua kuitumia afanyeje? Aache shamba?"

Sajini Noh alimtazama. "Sheria imesema. Asiyeweza kutumia simu anapewa kadi yenye picha. Anapita dirishani, askari anamtazama uso, anamwandika. Bure. Na kijiji kikiomba kufundishwa tena, lazima tuje tufundishe, polepole, mtu kwa mtu. Hamkuambiwa?"

"Labda tuliambiwa. Mliuliza kama tumeelewa."

"Mkasema mmeelewa."

"Mimi nilisema kuliko wote."

"Basi na sisi tulikosea," Sajini alisema. "Hatukumpa mtu simu mkononi tuone kama anaweza. Tuliuliza tu, tukaondoka. Nitamweleza mkuu wangu. Lakini Mama Dongsu, kijiji pia kinapaswa kusikia."

Hilo ndilo alilolihofia.

Kesho yake watu walijaa ukumbini. Sajini Noh alieleza sheria upya, kisha akauliza nani anataka kadi. Wazee walitazama sakafu. Mama Dongsu alihisi masikio yakiwaka tena, kama siku ile. Akasimama.

"Mimi," alisema. "Sijui kusoma. Sikuwahi kusahau miwani, sina hata miwani. Eunmi alinibebea simu kwa sababu nilimwomba, na siku ile getini nilimwacha abebe na kosa langu. Mama mkwe wake yuko hapa. Naomba asikie."

Mama mkwe wa Eunmi aliinamisha uso.

"Na pilipili zenu zilizooza," Mama Dongsu aliendelea, "ni mimi. Sina cha kuwalipa. Nina mikono. Geti likifunguliwa nitaanza na shamba la Eunmi, halafu atakayeniita."

Alikaa. Hakuna aliyepiga makofi. Kisha Mzee Chun alikohoa nyuma yake. Mama Dongsu alijikaza kusubiri mzaha.

"Sajini," Mzee Chun alisema, "kadi hiyo ni ya wasiosoma peke yao? Mimi nasoma. Lakini vidole vyangu vinatetemeka, simu inafungua mambo yake yenyewe. Mke wangu ndiye anayenigusishia."

"Ni ya yeyote asiyeweza kutumia simu."

"Basi niandike." Akashusha sauti. "Mama Dongsu, yale maneno ya kioo. Niliyasema ili watu wasiitazame mikono yangu."

Mama Gilja akainua mkono. Akafuata mwingine, na mwingine. Sajini Noh aliandika mpaka akageuza karatasi.

Geti lilifunguliwa. Eunmi alirudishiwa ruhusa yake, na pilipili zilizobaki zilichumwa na kijiji kizima, shamba lake likiwa la kwanza. Wanajeshi walirudi ukumbini kufundisha, na safari hii kila mtu alishika simu mwenyewe mbele yao. Jioni moja moja Eunmi alivuka ukuta na daftari la mwanawe, wakaandika herufi juu ya meza ya jikoni. Mama Dongsu alikuwa mgumu kufundishwa na mwepesi kununa, lakini aliendelea.

Asubuhi ya kwanza ya kadi alishuka kwenye trekta, akaenda dirishani mwenyewe na bakuli la viazi vitamu vya kuchoma. Ndani alikaa askari aliyepewa kazi ya kukaa, mguu wake uko kwenye plasta juu ya boksi. Mama Dongsu alimtambua.

Kijana alichukua kadi. Alitazama picha, bibi mwenye nywele zilizokatika upande mmoja. Akamtazama na yeye.

"Bang Malja," alisoma.

Mama Dongsu alisukuma bakuli kupitia dirishani. Hakuwa na maneno mengine, na yaliyokuwepo alikwisha kuyasema mara moja hapo hapo, na rola kichwani.

"Ni mimi," alisema.

Kijana akamwandika.