Nafasi ya Tatu, Mwaka 2005

—Zamda, zima hiyo redio, kichwa kinaniuma.

Kichwa! Mwanaume anauza vipuri mtaa wa Gerezani, vyuma vinakatwa masikioni mwake kutwa, leo anaumizwa na redio ndogo ya duka langu la vitenge.

—Si kumi bora ya ujana wako hiyo, Nurdin? Miaka ishirini nyuma. Sikiliza.

—Nyimbo za zamani zinachosha.

Mtangazaji alikuwa amefukua kadi za kura za 2005, zile watu walizokuwa wakinunua, wanaandika wimbo wanaoupenda na salamu, kisha wanazituma redioni. Kila nafasi, anasoma kadi moja.

"Nafasi ya tatu! Huyu alituma kadi thelathini peke yake, jamani. Nurdin Mkwachu wa Gerezani. Anasema wimbo umfikie mchumba wake Shadya, posa imekubaliwa."

Nurdin akairukia redio, akaizima. Nikaiwasha.

—Gerezani wapo kina Nurdin Mkwachu wangapi?

—Wengi tu.

—Wote wana Shadya?

—Zamda, usianze.

Shadya ndiye aliyenipima gauni la harusi. Akija kutoka Tanga analala kwa Nurdin, funguo anazo. Nilipohoji, nikaambiwa wamenyonya ziwa moja. Ni ndugu, dini haiwaruhusu kuoana. Nikaamini, nikamwita wifi. Na harusi yangu na Nurdin ni Ijumaa.

Nikampigia Shadya palepale, nikaweka spika.

—Shikamoo, wifi.

—Marahaba, bibi harusi! Gauni limekukaa?

—Limekaa. Hivi wewe ndiye ulinyonya kwa mama yake Nurdin, au yeye alinyonya kwa mama yako?

—Kunyonya? Kunyonya nini tena?

—Shadya, kata simu! Nurdin alifoka.

—Kumbe upo hapo? Wewe baba Seifu, si uliniambia mwenzangu anajua kila kitu? Kwamba amekubali kuja kuwa mke wa pili?

Mteja aliyekuwa anachagua kitenge akakiweka chini taratibu.

—Mume wako? nikauliza.

—Mwaka wa ishirini huu, mdogo wangu. Ndiyo maana unaniita wifi! Mimi nikadhani unaona haya kuniita mke mwenzako.

Nurdin akatoka bila kuaga. Nami nikaandika ujumbe, nikautuma redioni. Kabla ya nafasi ya pili, ukasomwa:

"Zamda wa Mtaa wa Kongo anasema, Nurdin Mkwachu na Shadya walishaoana zamani, hongera zao. Waalikwa wa Ijumaa msijisumbue, harusi haipo."

Mtaa mzima ukalipuka. Wenye maduka, wapiga debe, hadi wauza maji, kila mmoja anamwita mwenzake aje asikie. Simu yangu ikaita, ni Nurdin.

—Umenidhalilisha Kariakoo nzima! Mama yangu amesikia, analia. Ungeniita tukayamaliza ndani.

—Ndani ipi, ile yenye funguo za mke wako?

—Zamda, nakupa nafasi. Njoo uombe radhi mbele ya wazee, nitakusamehe.

—Siombi.

—Unasemaje?

—Nimesema siombi radhi, Nurdin. Si kwako, si kwa wazee, wala si kwa mama yako.