Pampu Kavu ya Popatlal

Haya yalimkuta rafiki yangu Hilari, fundi magari wa Kanyenye, miaka ile ya Ujamaa. Alimbadilishia Popatlal, mwenye duka la vitenge, pampu ya usukani iliyokuwa ikiguna kila kona. Desturi ya mafundi ni kumrudishia mwenye gari kifaa kibovu.

"Kaa nayo, fundi. Sitaki kuisikia tena," alisema Popatlal, akaondoka na mkewe kwenda Urambo.

Adhuhuri, juu ya meza ya kazi, pampu ile kavu, isiyo na tone la mafuta, ikaguna. Ikanyamaza. Ikaguna tena. Hilari aliijua barabara ya Urambo kona kwa kona, akawafuata kwa sikio tu, kila mguno kona yake. Hana simu, hana gari. Kisha, mahali barabara inaponyooka, pampu ikapiga yowe refu, likakatika. Mafuta ya moto yakaanza kuchuruzika kutoka ndani yake.