Samaki Mrefu Mwenye Meno Makali

Mume alikuwa mshonaji, na watu wote walimwita Fundi. Mkewe aliuza samaki sokoni. Kila asubuhi Fundi alimsaidia kupanga samaki mezani, kisha akaenda kwenye cherehani yake.

Siku moja waliletewa samaki wageni. Walikuwa warefu na wembamba kama mkanda, wanang'aa kama fedha, hawana magamba. Wateja waliwatazama kwa mbali. Mmoja alisema yeye hali nyoka.

Fundi alipenda utani. Alimshika samaki mmoja, akampanua mdomo ili wateja wamzoee. Jino likamchana kidole. Aliona haya kusema kinauma. Akakifunga kwa kipande cha kitambaa, akaenda kushona.

Siku ya tatu kidole kilikuwa kimevimba na kina joto. Hakuweza kushika sindano, na sare za shule zilikuwa zinangojwa. Fundi alisema kitapona chenyewe. Mkewe hakubishana naye. Alikwenda kumwita jirani yao, mkaguzi wa samaki pale sokoni.

Mkaguzi alifungua kile kitambaa, akakikagua kidole.

"Shemeji, uliosha kwa sabuni?"

"Nilipangusa tu."

Mkaguzi akawaeleza kwamba samaki yule huishi chini sana baharini, kwenye giza. Akiwinda, husimama wima majini, kichwa juu, ametulia tuli. Samaki mdogo akipita juu yake, humrukia. Meno yake yana ncha kama za ndoana, hivyo akishika haachii. Hula hata wenzake.

"Akifa, meno hubaki makali vilevile," alisema. "Akikuchana, osha papo hapo kwa maji safi mengi na sabuni. Kisha nenda zahanati siku hiyohiyo. Wewe umechelewa, shemeji. Inuka twende."

Zahanati walisafisha kidonda, wakamchoma sindano ya pepopunda, wakampa vidonge. Muuguzi alimsisitiza amalize dozi yote, hata akipata nafuu. Baada ya wiki mbili Fundi alikuwa anashona.

Mkewe naye alibadili namna ya kuwauza samaki hao. Sasa alivaa glovu nene, akakata vichwa kwanza, kisha akauza vipande. Aliyeuliza alielezwa huyo ni samaki gani. Vipande vilianza kwisha kabla ya adhuhuri.

Mwezi uliofuata mkasi ulimkata Fundi kiganjani, mteja akiwa amesimama anangoja suruali yake. Fundi alimwomba radhi. Akaweka mkasi chini, akachukua sabuni, akaenda bombani.