Nyota Iliyopotea Kwenye Pete

Mshonaji alikuwa akipinda suruali ya mteja wakati dada yake mkubwa alipoingia.

"Nionyeshe pete ya mama."

Mshonaji akaivua kidoleni. Marehemu mama yao aliwaachia waivae kwa zamu. Jiwe lake lilikuwa la buluu, mviringo juu, na nyota ya miale sita iling'aa ndani.

Dada akaigeuza chini ya taa za dukani. Buluu tupu.

"Nyota iko wapi? Umebadilisha jiwe!"

"Haki ya Mungu sijaligusa! Jana nimeiona, nikiwa juani."

Lakini naye akababaika. Aliiona kweli, au macho yalimdanganya? Au kuna aliyembadilishia usingizini? Hakujua ashike lipi, aache lipi.

Wakavuka barabara hadi kwa sonara, mama mmoja mcheshi. Akaliziba jiwe kwa kiganja lisipate taa za dari, akalimulika kwa tochi ya simu. Nyota ikachomoza! Aliposogeza tochi, nayo ikasogea.

"Mazingaombwe gani haya?" dada akauliza.

"Ndani mna sindano za madini, nyembamba kuliko unywele. Zimelala kuelekea pande tatu. Mshonaji, una uzi?"

Mshonaji akatoa mfukoni rili ya uzi wa kung'aa, akampa. Sonara akaimulika. Mstari mmoja wa nuru ukakatiza nyuzi.

"Nyuzi za upande mmoja, mstari mmoja. Sindano za pande tatu, mistari mitatu inayokatana. Ndiyo nyota hiyo. Ila inataka taa moja. Nuru ikitoka kila upande, huioni."

Kisha akalichungulia kwa lenzi.

"Miale imenyooka mno, mpaka ukingoni. Hili ni la kiwandani. Waliyeyusha madini, jiwe likaganda, wakalipasha moto tena hadi sindano zikaota ndani."

"Basi ni kioo?" dada akauliza.

"Hapana, ni yakuti, madini yaleyale yanayochimbwa. Lakini usimuuzie mtu ukamwambia limechimbwa ardhini."

"Mama yetu alijua?" mshonaji akamuuliza dada yake.

Sonara akawarudishia pete.

Nje, dada alisimama. "Nisamehe. Nilikuona mwizi."

"Hukusema mwizi."

"Niliwaza."

Mshonaji akamshika mkono, wakavuka.

Baadaye jirani alitaka kununua pete ya nyota. Dada akamsindikiza.

"Kwanza tumuulize muuzaji: jiwe ni la ardhini au la kiwandani? Akizungukazunguka, tuondoke."

"Mambo ya mawe mimi siyaelewi," jirani akasema.

"Hata mimi sijayaelewa yote," dada akajibu. "Lakini siku hizi nauliza kabla ya kusema."