Jicho la Pili la Mashua

Sikitu alishika mkono wa mama yake. Walishuka kwenye basi, katika kijiji kidogo kando ya Bahari ya Mediterania.

Kijiji kilikuwa kimya. Nyumba zake zilikuwa za mawe. Paka watatu walilala juu ya nyavu.

Chwa, chwa, yalisema maji ya bandari.

"Ni hapa, Mama?"

"Ni hapa. Baba yako alikaa hapa miezi mitatu, meli yao ilipoharibika."

Baba yake Sikitu alikuwa baharia. Mwaka jana aliugua, na Mwenyezi Mungu akamchukua.

Baba alipenda kumsimulia Sikitu habari za kijiji hiki. "Kule kila mashua huchorwa macho mawili, ili ione njia ya kurudi nyumbani. Mimi nilichora jicho moja tu, meli ikaita, vuuu. La pili tutakwenda kulichora mimi na wewe."

Sikitu alizitazama mashua. Ya buluu, macho mawili. Ya kijani, macho mawili. Nyekundu nayo, mawili.

Mwisho kabisa, juu ya nchi kavu, palikuwa na mashua ya manjano. Ilikuwa na jicho moja tu.

Chwa, chwa, yalisema maji. Mashua ilingoja.

Kando yake alikaa mzee mwenye kofia.

"Shikamoo, Babu," alisema Sikitu.

"Marahaba," alijibu mzee.

Sikitu alishangaa. "Nani alikufundisha Kiswahili?"

"Makame, baba yako. Pua hiyo ni yake. Alinifundisha maneno mengi, akala samaki wangu wengi."

Mama alicheka. Sikitu hakuwa amemsikia akicheka siku nyingi.

"Mimi ni Karmenu," alisema mzee. "Mashua ya jicho moja haiendi baharini. Kwa hiyo nilimngoja Makame. Rangi ipo, brashi ipo. Njoo, mwanangu."

Sikitu alificha mikono nyuma. "Sitaki."

"Kwa nini?"

"Baba alisema atakuja. Tukimaliza jicho, hatutamngoja tena."



Chwa, chwa, yalisema maji. Mashua ilingoja.

Mama alichuchumaa karibu naye. "Hata mimi namngoja, Sikitu. Kila jioni, mlango ukilia. Lakini Baba yuko kwa Mungu. Hatarudi hapa."

Sikitu aliliendea lile jicho. Katikati palikuwa na mboni nyeusi. Ndani ya mboni mlikuwa na mistari midogo midogo.

"Hii ni nini, Babu?"

"Ni kidole gumba cha Makame. Alikichovya kwenye rangi, akakibandika. Pa. Ikawa mboni."

Sikitu aliweka kidole gumba chake juu ya alama ya Baba. Kilikuwa kidogo. Kilienea chote ndani yake.

Alikaa hivyo kwa muda mrefu.

Kisha akasema, "Nipe rangi, Babu."

"Makame alianza kwa neno moja," alisema mzee.

"Nalijua," alisema Sikitu. "Bismillahi."

Upande wa pili wa mashua, Mzee Karmenu alipaka rangi nyeupe. Sikitu alichovya kidole kwenye nyeusi, akakibandika katikati. Pa.

Jicho moja lilikuwa na mboni kubwa. Jicho jingine lilikuwa na mboni ndogo.

"Sasa inatukonyeza," alisema Mzee Karmenu.

Rangi ilipokauka, majirani walikuja kusaidia. Wote walisukuma. "Haya, haya, twende." Mashua ya manjano ikaingia majini. Chubwi.

Mzee Karmenu aliipeleka mpaka nje ya bandari. Sikitu aliitazama mpaka ikawa ndogo kama ganda la njugu.

Kisha ikageuka. Ikarudi moja kwa moja, mpaka pale aliposimama.

Jioni ile Sikitu alilala karibu na dirisha. Mama alimsomea dua, akamfunika shuka.

"Mama, mashua imelala?"

"Hapana. Iko macho."

"Yote mawili?"

"Yote mawili. La Baba na lako."

Basi Sikitu akayafumba ya kwake.

Chwa, chwa, yalisema maji. Chwa, chwa.